Kusoma mashamba kutoka dirishani, Dar hadi Mbeya

Wengi hukosea pale mwanzo: wanaangalia ukingo wa lami. Basi likienda kilomita 80 kwa saa linameza mita 22 kila sekunde, na kilicho karibu kinageuka ukungu. Peleka macho mbele, mita 100 hivi ndani ya shamba, chagua kitu kimoja ukifuate mpaka kikupite.

Kiti nacho kina maana. Mei hadi Agosti jua liko kaskazini, kwa hiyo ukitoka Dar kaa kushoto, lisikupige usoni. Milima ya Uluguru pia iko upande huo. Desemba na Januari kaa kulia.

Anza na nafaka, maana ndizo zinazochanganya. Mahindi hubeba gunzi ubavuni mwa shina; juu kuna mbelewele tu, yale maua ya chavua. Mtama una shina la kufanana, ila punje zote ziko kileleni, kwenye suke. Uwele una suke refu jembamba, limesimama kama brashi ya kuoshea chupa. Yakiwa bado ya magotini, mahindi na mtama hayatofautiki ukiwa ndani ya basi. Andika "nafaka changa" uendelee na safari. Kubahatisha kutaharibu kumbukumbu zako zote. Mpunga utautambua kwa majaruba, vile vitalu vya maji vyenye kingo za udongo, hasa ukifika Igurusi na Chimala. Alizeti iliyokomaa huacha kufuata jua ikabaki imeelekea mashariki, ndiyo maana anayekwenda Mbeya huziona nyuso na anayerudi Dar huona visogo.

Usilinganishe mashamba bila kalenda. Machi, mahindi ya masika Pwani na Morogoro ndiyo kwanza yanachipua, wakati Iringa na Mbeya, wanakopanda Novemba na Desemba, yameshabeba. Hakuna aliyechelewa, misimu ya mvua haifanani. Mwinuko nao hubadili mambo: chini ya mlima wa Kitonga ni mibuyu, juu kidogo Ilula ni nyanya na vitunguu, na Mafinga unaingia kwenye misonobari ya Sao Hill.

Wanyama wa mashambani tafuta kwanza dalili zao. Ukiona dungu, kile kichanja cha miti chenye paa la nyasi katikati ya shamba, ujue kuna anayeamia ndege au kulinda mazao dhidi ya nyani na nguruwe pori. Mtama ukiwa na punje laini, tazama angani: kundi linalojikunja na kujikunjua kama moshi ni kwelea kwelea. Ndege weupe wanaotembea nyuma ya ng'ombe au trekta ni yangeyange. Wanafuata wadudu wanaofurushwa na kwato au jembe. Viota vinavyoning'inia kwenye ncha za matawi ni vya mnana.

Barabara hukata Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Humo huhitaji maelekezo, ila nyani usiwatupie ganda la ndizi: ndivyo wanavyozoea kukaa barabarani na kugongwa. Yaangalie zaidi mashamba yanayopakana na hifadhi. Kamba iliyopakwa pilipili na oili chafu, au mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa kwa mstari, hiyo ni kinga dhidi ya tembo.

Darubini ya 8x32, yaani inayokuza mara nane kwa lenzi ya milimita 32, inatosha, tena itumie basi likisimama. Ya 10x hukuza na mtikisiko. Ukipiga picha, simu ibandike kwenye kioo, uzime taa yake. Kila unachoandika kiambatane na saa na jina la mji uliopita mwisho.

Basi likisimama kwa chakula, omba ruhusa kwa mwenye shamba kabla ya kukanyaga tuta. Chungulia moyo wa hindi changa: majani yenye matobo na uchafu kama unga wa mbao uliolowa ni kazi ya viwavijeshi. Kisha tazama chini. Vimea vifupi vyenye maua mekundu au ya zambarau kwenye mashina ya mahindi au mtama ni kiduha, gugu linalonyonya mizizi. Kung'uta viatu vyako udongo kabla ya kuondoka, kwa sababu mbegu zake ni ndogo kama vumbi na husafiri na wewe.