Jinsi ya kusoma maisha ya Theodor Herzl bila kupotea (anzia Uasin Gishu)

Wengi wakitaka kumjua Herzl wanaanzia mwanzo kabisa, kazaliwa Budapest 1860, kasoma sheria Vienna, kawa mwandishi wa habari, kaanzisha harakati ya Uzayuni, yaani ya Wayahudi kupata nchi yao Palestina, kafariki 1904, na wakifika katikati wameshachoka. Mi nakushauri uanze na 1903, mwaka mmoja tu kabla hajafa, maana hapo ndo utamwona akiwa amebanwa kila upande, alafu stori yenyewe inapita huku kwetu.

Kwanza fungua ramani. Usiangalie Uganda, ingawa kila mahali utasoma "mpango wa Uganda", yaani ofa ya Waingereza kuwapa Wayahudi ardhi Afrika Mashariki. Ardhi iliyokuwa inaongelewa ni Uasin Gishu, pande za Eldoret ya leo, maili za mraba 5,000 hivi, ilikuwa chini ya Uganda mpaka Aprili 1902 Waingereza walipoihamishia upande wa Kenya ila watu wakaendelea na jina lilelile. Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni, alipanda reli ya Uganda mwishoni mwa 1902, akaona nyanda za juu zenye baridi, akamkumbuka Herzl. Sasa hapohapo kwenye ramani andika na Wanandi. London walihesabu kama hakuna mtu, kumbe Wanandi miaka hiyo wanapigana na Waingereza haohao, na kiongozi wao Koitalel arap Samoei aliuawa Oktoba 1905. Kitabu kikikusimulia huu mpango bila kuwataja jua kimekupa nusu.

Alafu chukua daftari uandike tarehe zifuatane. Aprili 1903, mauaji ya Kishinev, Wayahudi 49 wameuawa. Mwanzoni mwa Agosti Herzl yuko Urusi anaongea na Plehve, waziri wa mambo ya ndani, mtu ambaye Wayahudi wengi walimlaumu kwa damu ya Kishinev. Agosti 14 serikali ya Uingereza inaandika barua ya ofa ya Afrika Mashariki. Agosti 23 kongamano la sita la Wazayuni linafunguliwa Basel, Uswisi. Hayo matatu ya mwisho ndani ya mwezi mmoja! Ukiyapanga hivyo utaacha kuuliza "kwani alikuwa msaliti au shujaa" na utaanza kuuliza siku ile anasimama mbele ya wajumbe alikuwa anajua nini na anaogopa nini, na hilo swali ndo litakusaidia kwa kila mtu wa historia hii, sio yeye tu.

Kura ilikuwa ya kutuma tume ikaangalie, basi. 295 walikubali, 178 walikataa. Wajumbe wa Urusi wakatoka ukumbini, wengine wakakaa chini wanalia kama wako matangani. Na hapa simama kidogo, kwa sababu hata wajumbe waliotoka Kishinev kwenyewe walikataa, yaani watu waliohitaji pa kukimbilia kuliko wote. Usipite haraka hapo. Kwao Palestina haikuwa kambi ya wakimbizi unayoweza kuibadilisha na nyingine. Tume ilifika Uasin Gishu mwanzoni mwa 1905, Herzl keshakufa Julai 1904 akiwa na miaka 44, na kongamano la saba likaitupilia mbali ofa.

Ukishapata hiyo picha ndo urudi nyuma. Utasoma mara mia kwamba kesi ya Dreyfus, ofisa Myahudi wa jeshi la Ufaransa aliyesingiziwa usaliti, ndo ilimgeuza, kwa sababu Herzl alikuwa Paris kama mwandishi na yeye mwenyewe alikuja kuandika hivyo 1899. Sasa fungua shajara yake iliyoanza 1895 utafute Dreyfus, utashangaa anatajwa kidogo sana. Ushindi wa Karl Lueger kwenye uchaguzi wa Vienna mwaka huohuo, mwanasiasa aliyepanda kwa kuwachukia Wayahudi, wanahistoria wengi wanaona ulimuuma zaidi. Kwa hiyo weka pembeni alichosema miaka baadaye na pembeni alichoandika siku yenyewe, ulinganishe. Shajara hiyo tamu kwelikweli kwanza, kuna siku Desemba 1895 rabi mkuu wa Vienna kamtembelea kamkuta anawasha mti wa Krismasi wa watoto.

Ile kauli yake kwamba Basel kaasisi dola ya Wayahudi, na kwamba labda miaka mitano, hamsini kwa hakika, kila mtu ataliona, aliiandika kwenye shajara Septemba 1897, hakuitamka jukwaani. Video nyingi zinamwonyesha kama anaihutubia, achana nazo.

Usisome marafiki zake peke yao. Ahad Ha'am alikuwa Mzayuni na bado alimpinga, akisema diplomasia bila uhai wa utamaduni ni kazi bure. Na lazima umsome Yusuf Diya al-Khalidi, aliyewahi kuwa meya wa Jerusalem, ambaye Machi 1899 aliandika barua ikamfikia Herzl, kwamba wazo lenyewe analielewa ila Palestina ina wenyewe wanaoishi humo. Herzl alijibu kwa upole akiahidi faida za kiuchumi. Soma barua zote mbili kwa mkupuo mmoja, ni fupi.

Baada ya hapo chagua mmoja kati ya waliogawanyika 1903. Israel Zangwill, mwandishi wa London, alijitenga 1905 akaunda chama cha kutafuta ardhi popote pale. Chaim Weizmann, mkemia, alikataa Afrika Mashariki, na 1949 akawa rais wa kwanza wa Israeli. Mi ningeanza na Weizmann, kwa sababu waziri mkuu wa Uingereza wakati wa ofa ya 1903 alikuwa Arthur Balfour, huyuhuyu wa tamko la Novemba 1917 la Uingereza kuunga mkono makao ya Wayahudi Palestina, na hao wawili walikutana Manchester 1906 Balfour akitaka kujua kwa nini Wazayuni walikataa. Mazungumzo hayo yanajulikana zaidi kwa masimulizi ya Weizmann mwenyewe, miaka mingi baadaye, kwa hiyo ukiyanakili andika na jina la msimuliaji.