Kuzunguka Ujerumani kwa posho ya kujitolea: chungeni tarehe 10

Agosti 2024 nilizunguka Ujerumani wiki mbili kwa tiketi ya euro 49. Mpaka nalimaliza suala lake ilikuwa imenila euro 147, na hapo sijahesabu gharama za barua. Wadogo zangu mnaokuja kwa FSJ au BFD, zile programu za kujitolea za Ujerumani, hapa someni taratibu. Mengine mtayajua mkifika.

Likizo omba mapema kwa msimamizi wako, kwa maandishi, na usiipangie kwenye wiki za semina.

Tiketi yenyewe inaitwa Deutschlandticket. Unapanda treni za mikoa, mabasi na tramu nchi nzima, mwezi mzima. Ile 49 ya wakati wangu ilipanda hadi 58 mwaka 2025, na 2026 ni 63, lakini kwa anayeishi kwa posho bado haina mpinzani. Kwenye ICE na IC, yaani treni za masafa marefu, haikubaliki, kwa hiyo unapotafuta safari kwenye simu chagua treni za mikoa tu. Ina jina lako, basi tembea na pasipoti au kadi ya ukaazi.

Sasa mtego. Sisi tumezoea bando: unanunua, linaisha, ukitaka unanunua jingine. Hii si bando, ni mkataba. Wenyewe wanauita Abo, unajirudia na kukata hela kwenye akaunti yako kila mwezi mpaka uuvunje wewe, na mwisho wa kuvunja ni tarehe 10 ili uishe mwezi huohuo. Ukipitisha siku moja, umeshabeba na mwezi unaofuata. Mimi nilinunua tarehe 14. Yaani wakati nabonyeza kitufe, tarehe ya kuvunja ilikuwa imepita siku nne, na Septemba nilikuwa nimeshainunua bila kujua. Agosti nayo nililipia nzima, ingawa nusu yake ilikuwa imekwenda.

Nilikuja kugundua dukani, kadi ilipokataa kulipia mchele na mafuta. Nikakimbia kuandika ya kuvunja. Siku hiyo ilikuwa tarehe 12 Septemba. Siku mbili tu! Oktoba nayo ikawa yangu.

Nunueni mwanzoni mwa mwezi, na mvunje siku ileile mliyonunua, kabla hata begi halijafungwa. Tiketi itaendelea kufanya kazi mpaka mwezi uishe. Wakikutumia uthibitisho, upige picha uuhifadhi. Wasipokutumia, udai. Siku ileile, nasema tena, maana najua kuna mtu anajiambia "nitafanya kesho."

Kosa la pili nilishauriwa na nyumbani. Mjomba wangu, nampenda sana, alinipigia akasema: "Usiache hela kwenye akaunti, watakata tamaa wenyewe." Mjomba, shikamoo, lakini huku hawakati tamaa. Nikazitoa zote. Makato ya Oktoba yakagonga mwamba, wakaongeza ada ya makato kurudi, ikaja barua kwenye bahasha ya kijivu yenye kidirisha. Nikaiweka juu ya friji nikidhani ni tangazo.

Ya pili ilipokuja nikaenda nayo kazini, nyumba ya wazee. Bibi mmoja wa ghorofa ya pili akachukua lenzi yake ya kusomea gazeti, akaipitisha mstari kwa mstari, kidole kinafuata. Akafika kwenye neno Mahnung, yaani onyo la kudai deni, akaligonga kwa kucha mara mbili. Akaniambia lipa leo, kesho deni linauzwa kwa wakusanya madeni, na hao wana ada zao. Nililipa jioni ile kwa hela niliyokopa kwa mwenzangu wa chumba.

Hapo ndipo nilipowaelewa hawa watu kidogo. Mjerumani hakugombezi, anakuandikia. Kwetu mwenye deni lake angekuja mlangoni, akae, anywe chai, mkubaliane. Huku hakuna sauti inayopanda, karatasi tu zinazidi kuwa nzito. Mimi naona kugombezwa kuna utu zaidi, lakini barua zifungueni siku zinapofika, tafadhalini.

Na nyie ndugu mnaoona picha za Dresden na Berlin mkadhani kuna neema: nililala hosteli chumba cha watu wanane, nikabeba mkate na mayai ya kuchemsha. Chupa za plastiki nilizookota zilinirudishia senti 25 kila moja. Jumapili maduka yamefungwa, nunueni chakula Jumamosi.

Kutoka Berlin hadi Rostock kuna treni ya mkoa ya moja kwa moja, na pwani ya Warnemünde iko karibu tu na hapo. Kwa mnaouliza kama niliogelea: Bahari ya Baltiki ni baridi hata Agosti. Niliingia mpaka magotini, nikatoka, nikavaa soksi.