Somo: Jinsi ya kulipia uchapishaji katika maabara ya kompyuta ya chuo

Katika maabara nyingi za vyuo vikuu, fedha taslimu hazipokelewi kwenye printa. Mwanafunzi huweka salio katika akaunti yake ya uchapishaji, na mfumo humkata kwa kila ukurasa anaoutoa. Nimewasaidia wenzangu wengi waliokuwa wakilalamika kwamba salio lao linaisha upesi, na karibu kila mara chanzo kilikuwa mipangilio ambayo hawakuikagua kabla ya kutuma kazi, wala si bei ya ukurasa.

Hatua ya kwanza ni kujua una kiasi gani. Ingia kwenye kompyuta kwa jina la mtumiaji na nywila ulizopewa na chuo, kisha tazama kidirisha cha salio ambacho kwa kawaida hukaa kwenye kona ya skrini, au fungua ukurasa wa akaunti ya uchapishaji katika tovuti ya chuo. Baadhi ya vyuo hutoa mgao wa bure kila muhula, na mgao huo ni tofauti na fedha ulizoweka mwenyewe, kwa kuwa mara nyingi hauhamishiki wala haurudishwi kwa fedha.

Hatua ya pili ni kuongeza salio, iwe kwa kadi ya benki au simu kupitia tovuti, kwa mashine ya kuwekea fedha, au kwenye dirisha la malipo la maktaba. Weka kiasi kidogo kidogo, kwa sababu si kila chuo humrudishia mhitimu salio lililobaki. Namba ya muamala uihifadhi mpaka uone kwa macho yako kwamba salio limeongezeka.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo ninayoomba uipe muda mwingi zaidi, ni kuandaa faili. Ligeuze kwanza liwe PDF, yaani faili linalohifadhi mpangilio wa kurasa kama ulivyo, maana waraka ulioandikwa kwenye kompyuta yako unaweza kufunguka kwa fonti nyingine katika kompyuta ya maabara, mistari ikasogea, na kurasa 20 zikawa 22. Kagua pia ukubwa wa karatasi: A4 ni milimita 210 kwa 297, ilhali karatasi ya Letter inayotumika Marekani ni takriban milimita 216 kwa 279, na faili lililopangwa kwa Letter linaweza kuisimamisha printa yenye A4 ikisubiri karatasi ambayo haimo kwenye trei. Baada ya hapo bonyeza Ctrl na P, chagua kurasa unazozihitaji tu, weka pande mbili, na kama ni slaidi za mhadhara, panga nne katika ukurasa mmoja.

Suala la rangi lina uzito wake peke yake. Nilipokuwa mwaka wa kwanza nilichapisha ripoti ya kurasa 64 zenye maandishi meusi, isipokuwa nembo ya bluu isiyozidi ukubwa wa ukucha iliyokaa juu ya kila ukurasa. Mfumo ulizihesabu kurasa zote 64 kuwa za rangi, na salio langu la muhula likaisha siku hiyo hiyo. Kiungo cha tovuti chenye rangi ya bluu kinaweza kuleta matokeo yale yale. Chagua mwenyewe nyeusi na nyeupe, hata kama waraka unaonekana mweusi mtupu.

Hatua ya nne ni kutuma kazi. Mifumo mingi huonyesha kidirisha chenye jina la faili, idadi ya kurasa na gharama kabla ya kukubali. Kisome. Ukiona kurasa 120 mahali ulipotarajia 12, ghairi.

Hatua ya tano ni kuitoa kazi kwenye printa. Kazi iliyotumwa hukaa kwenye foleni mpaka uguse kisomaji kwa kitambulisho chako, uichague kwenye skrini ndogo ya printa, na ubonyeze kitufe cha kuchapisha. Katika mifumo ya namna hii, hapo ndipo fedha hukatwa. Kwa hiyo, kabla ya kubonyeza, hakikisha trei ina karatasi na hakuna ujumbe wa hitilafu. Ukimaliza, jiondoe kwenye printa na kwenye kompyuta pia, la sivyo anayekufuata atachapisha kwa fedha zako.

Maswali ya wanafunzi

Swali: Nimebofya kuchapisha mara tatu na hakuna kilichotoka. Nimekatwa?

Jibu: Kama printa zenu zinatumia kitambulisho, bado. Kazi zako tatu zinasubiri kwenye foleni. Futa mbili, utoe moja. Usibonyeze kitufe cha kutoa zote kwa pamoja. Usipozitoa kabisa, mfumo huzifuta wenyewe baada ya muda uliowekwa na chuo.

Swali: Karatasi ilikwama ukurasa wa 9 kati ya 20, lakini nimekatwa zote 20. Nifanye nini?

Jibu: Usiivute karatasi kwa nguvu, maana kipande kikibaki ndani printa itaendelea kukwama. Mwite msimamizi wa maabara, mwonyeshe kurasa zilizoharibika, na uandike jina la printa, saa na jina la faili. Kila kazi huacha rekodi katika mfumo, na ukiwa na maelezo hayo msimamizi anaweza kuilinganisha na hitilafu iliyotokea, kisha akarudisha gharama ya kurasa ulizozikosa. Dai siku hiyo hiyo.

Swali: Nikichapisha pande mbili, ninalipa nusu?

Jibu: Si lazima. Kurasa 10 hutumia karatasi 5, lakini vyuo vingine hutoza kwa kila upande wenye maandishi na kutoa punguzo dogo tu. Badilisha mpangilio huo huku ukitazama gharama kwenye kidirisha, nawe utajua chuo chako kinatumia utaratibu upi.

Swali: Mwenzangu ameishiwa salio na kazi yake inatakiwa leo. Nimpe nywila yangu?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Nywila hiyo ndiyo inayofungua barua pepe yako na matokeo yako ya mitihani. Mwambie akutumie PDF, uichapishe wewe mwenyewe, kisha akurudishie gharama. Mifumo mingine pia huruhusu kuhamisha salio kutoka akaunti moja hadi nyingine, kwa hiyo angalieni kwanza kama ukurasa wa akaunti yako una sehemu ya kuhamisha.