Kichwa kikirudi kuuma baada ya kutoka dharura

Umechomwa sindano idara ya dharura, kichwa kimetulia, umerudi nyumbani. Kesho yake kinaanza tena. Kwa wenye kipandauso hili hutokea sana, hasa ndani ya siku 3 za mwanzo, wala si lazima uwe ulitibiwa vibaya. Dawa imeisha nguvu, shambulio lenyewe bado.

Kwa hiyo kabla hujaruhusiwa, uliza: nimepewa dawa gani, saa ngapi, na kikirudi nimeze nini? Andika. Kuna deksamethazoni, ambayo daktari anaweza kuichoma mara moja tu kupunguza uwezekano wa kichwa kurudi. Si ya kila mtu (mwenye kisukari aseme mapema, maana hupandisha sukari), lakini kuiulizia si kosa.

Nyumbani, hesabu siku unazomeza dawa za maumivu. Hapa ndipo wengi hunasa. Parasetamoli au ibuprofeni siku 15 au zaidi kwa mwezi, ikiendelea zaidi ya miezi 3, yenyewe huweza kuzaa maumivu ya kichwa. Kwa triptani (dawa maalumu za kipandauso) na dawa zenye kodeini, ni kuanzia siku 10 tu. Kalenda ya ukutani inatosha, weka alama.

Rudi hospitali mara moja, usingoje miadi, kama maumivu yamelipuka ghafla kwa ukali usiowahi kuuona, yamekuja na homa na shingo kukakamaa, udhaifu wa upande mmoja au kuongea kwa shida, au yameanza baada ya kujigonga kichwa.