Jinsi ya Kumlinda Nzohe ili Kinamasi Kizima Kinusurike

Mbuga ya Kitaifa ya Saiwa, karibu na Kitale nchini Kenya, ilianzishwa mwaka 1974 mahususi kwa ajili ya nzohe, swala wa kinamasini aliye ndugu wa pongo, mwenye kwato ndefu zinazotanuka ili asizame matopeni. Kwa kuwa mnyama huyu hutegemea matete marefu na maji ya kudumu, anayemlinda huwahifadhi pia korongo taji, fisi maji na kima wa msitu wa kandokando.

Kazi huanzia shambani, kule mto unakotokea. Mvua zinapokuja kwa kishindo kisha zikakawia, udongo huporomokea kinamasini na kukijaza, na baadaye kiangazi hukausha kilichosalia. Kwa hiyo tenga ukanda wa mimea ya asili kando ya mkondo, ukanda ambao haulimwi kamwe, na kwenye mteremko chimba matuta yanayofuata kontua, yaani yanayokata mteremko kwa usawa, ukiyapanda nyasi za nepia ambazo ng'ombe wako watafaidi. Mikaratusi iliyo karibu na chemchemi hunywa maji mengi mno, nayo ing'olewe kidogo kidogo huku miti ya kiasili ikichukua nafasi yake.

Usichome matete, wala usiwaache mbwa wazurure usiku. Ukiona mtego, mjulishe askari wa wanyamapori.

Hata hivyo, nzohe pekee hatoshi kuwa kipimo. Vyura na samaki hudhurika na dawa za shambani hata pale anapoendelea kuonekana, hivyo usioshe bomba la kunyunyizia mtoni.