Boti ya tanga ya mtumba Kigoma: bei inaanzia kwa fundi sio mdomoni

Juzi jamaa yangu wa Tabora kanipigia, anataka boti ya tanga ya kutumia huku ziwani, anasema mafuta ya mashine yamemchosha, ananiuliza "nikifika nitaje ngapi?" Nikamwambia kaka usitaje chochote kwanza. Mimi boti yangu ya kwanza niliichukua Kibirizi kwa kuongea sana na kuangalia kidogo, nikashusha laki tatu nikajiona mjanja wa mjini, wiki ya pili nikampelekea fundi laki tano na nusu.

Sasa anza hivi. Kabla ya kuonana na muuzaji pita kwa mafundi wanaochonga boti pale ufukweni, uliza boti mpya ya urefu uleule ingekula mbao ngapi, misumari kilo ngapi, pamba ya kuzibia na ufundi. Jumlisha. Hiyo ndio bei ambayo boti ya mtumba haitakiwi hata kuisogelea, na bila hiyo hesabu utakuwa unabishana na upepo tu.

Alafu ukague ikiwa imevutwa nchi kavu, akikwambia "ingia tu majini uione inavyokaa" mwambie tutafika huko. Beba kisu kidogo. Chomachoma kwenye mkuku, ule mti mrefu wa chini kabisa, kwenye mataruma, zile mbavu za ndani, na hasa ndani chini kule maji ya mvua yanapotuama. Kuna wauzaji wanapenda kusema huku mbao haziliwi, na ni kweli, wale wadudu wanaotoboa majahazi kule Pwani ni wa maji ya chumvi, Tanganyika hawapo. Lakini haziliwi sio haziozi! Maji baridi yanaozesha mbao vizuri tu, na zinaanzia ndani mahali usipopaona. Kisu kikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa usiseme kitu, piga chaki hapo endelea. Rangi mbichi nayo iogope, mtu hapaki rangi wiki anayouza kwa sababu anapenda kupaka rangi.

Ikishushwa majini itavuja, usipige kelele. Boti iliyokaa juani mbao zinakauka zinaachana, zikilowa zinavimba zinajifunga zenyewe, kwahiyo omba ilale majini usiku mmoja, urudi asubuhi na ndoo. Maji yakiwa bado yanaingia hapo sasa una hoja. Muuzaji akikataa kuilaza, we nenda kaangalie nyingine.

Tanga litandaze mchangani alafu liinue kuelekea jua utaona vitundu vyote, vuta na mshono kwa nguvu kidogo, maana turubai likishaliwa na jua linachanika kama gazeti. Mlingoti angalia shina lake pale unaposimikwa kwenye boti. Mwisho panda na muuzaji mtoke kidogo, mwambie apige bisho, yaani mwende kinyume na upepo kwa zigizaga. Boti inayokwenda vizuri pale tu inaposukumwa na upepo wa nyuma itakufikisha, kurudi utapiga kasia.

Hapo ndio unaita fundi WAKO, sio wa muuzaji, anakuandikia kwenye karatasi kila kitu na bei yake, hiyo karatasi ndio mdomo wako.

Boti niliyonayo sasa niliipata kwa mzee mmoja Ujiji, alitaka milioni tatu na laki mbili. Nikamwambia shikamoo mzee, boti nimeipenda, ila mbao tatu za chini zimechoka na tanga limekwisha, fundi kaandika laki sita na nusu. Akacheka, "mwanangu huyo fundi wako ana njaa." Sikubishana, nikampa kisu tukaenda wote kwenye boti, nikamwonyesha zile chaki. Akachoma mara moja tu, akanyamaza, akanirudishia kisu. Tukamaliza milioni mbili na laki saba, akaongeza nanga na makasia mawili. Unaona sikukata laki sita na nusu yote, na yeye alijua hilo, mpaka leo tukionana ananiita mwanangu.

Muda nao una bei yake. Dagaa wanavuliwa kwa taa kwenye giza, kwahiyo mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wengi wanakuwa nchi kavu wanashona nyavu na mfuko mkavu, wenye boti wanasikiliza zaidi siku hizo. Hata ziwa likifungwa watu wasivue, kama ilivyokuwa 2024 kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, bei zinalegea. Ila usimkamue mtu kwa sababu ana njaa, mtatumia ufukwe mmoja na siku tanga lako likichanika ndio huyohuyo atakayekuvuta.

Wakikuuzia boti, mashine na nyavu kwa bei moja waambie watenganishe, kitu kibovu huwa kinajificha katikati ya vizima. Dalali kama yupo mkubaliane mapema nani anamlipa, sio mmeshapeana mikono ndio anaibuka na asilimia zake.

Na boti za huku nyingi ni za familia, kaka kauza mdogo anakuja kudai. Kwahiyo andikishianeni serikali ya mtaa, ndugu zake wasaini kama mashahidi, uliza leseni ya uvuvi kama ilikuwa inavua na karatasi za TASAC, wale wa serikali wanaosimamia usalama wa vyombo vya majini, kama zipo, kama hazipo gharama ya kuzifuatilia nayo iingie kwenye ile karatasi ya fundi. Pesa lipa nusu siku ya kusaini, nusu boti ikiwa imeshafungwa kamba kwenye ufukwe wako.