Kuwahi jua Point Lenana: mpango wa usiku kwa kikundi

Mpango huu ni wa kikundi kinacholala Shipton's, kambi iliyo kwenye mita kama 4,200 upande wa Sirimon wa Mlima Kenya. Kutoka hapo hadi kilele cha Lenana, mita 4,985, kuna mpando wa karibu mita 800. Kwa mwendo wa usiku ni saa tatu, na wazito, yaani wenye mwendo wa polepole, huchukua nne.

Saa ya kuondoka huhesabiwa kwa kurudi nyuma kutoka kuchomoza kwa jua. Mlima uko kwenye ikweta, kwa hiyo saa haibadiliki sana: jua huwahi zaidi mwanzoni mwa Novemba na kuchelewa Februari, tofauti ya nusu saa hivi. Ukiwa juu namna ile, upeo wa macho unashuka, na mwale wa kwanza hukufikia dakika kama nane kabla ya kuwafikia walio bondeni. Lengeni kufika kati ya saa kumi na moja na dakika arobaini na saa kumi na mbili. Wengi huogopa kuchelewa, lakini kuwahi kupita kiasi ndiko kunakoumiza: nusu saa ya kusimama kileleni katika upepo, nguo zikiwa na jasho, inatosha kumfanya mtu aombe kushuka kabla hajaona chochote.

Kwa watu 12, chukueni waongozaji 3 waliosajiliwa na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Mmoja atangulie, mmoja awe wa mwisho kabisa, wa tatu awe huru kumrudisha mgonjwa kambini. Mkiwa na mwongozaji mmoja tu, mtu mmoja akizidiwa basi safari ya wote imekwisha. Wazito waondoke saa nane kasorobo usiku, wepesi saa tisa kasorobo. Kuwachanganya ni kosa la kawaida: wa mbele husimama kungoja na kuganda, wa nyuma hukimbizana na pumzi, na hewa ya kule ina oksijeni kama nusu tu ya ile ya pwani.

Mikoba ifungwe jioni. Nguo za alfajiri zilale nawe ndani ya begi la kulalia, pamoja na simu na betri za akiba, kwa kuwa baridi hufyonza chaji. Fulana ya pamba iacheni. Ikilowa jasho haikauki. Vaa nguo ya ndani inayobana isiyo ya pamba, sweta zito, kisha jaketi la kuzuia upepo, boshori na glavu jozi mbili. Kila mtu awe na tochi yake ya kichwani. Ya simu haifai, maana mikono itahitajika kwenye miamba. Maji lita moja na nusu, yatiwe yakiwa moto, na chupa ilazwe kichwa chini: barafu huanzia juu, hivyo mdomo hautaziba. Mifuko ya maji yenye mrija huganda kwenye mrija kwanza.

Amkeni dakika 45 kabla ya kuondoka. Chai yenye sukari na biskuti zatosha. Anza safari ukihisi baridi kidogo. Dakika kumi za mpando zitakupasha.

Sehemu ya kwanza ni kokoto za mteremko mkali. Usiku huwa zimeshikwa na barafu, na hiyo ni sababu nyingine ya kutembea gizani: jua likizipiga, hulegea na kila hatua inarudi nusu. Mwendo ni ule wa kukuwezesha kusema sentensi nzima bila kuhema. Pumzikeni dakika tano kila baada ya 45, si zaidi. Ukipita ziwa dogo la Harris, njia huwa ya miamba, na karibu na kilele kuna vyuma vya kushikia. Hapo pandeni mmoja mmoja.

Kichwa kuuma kidogo ni kawaida. Anayetapika, anayeyumba akitembea unyayo mbele ya unyayo, au anayekosa pumzi hata akiwa amekaa, ashushwe papo hapo, na asiachwe ashuke peke yake. Chanzo mara nyingi ni ratiba ya wikendi: kutoka kambi ya Old Moses (mita 3,300) hadi Shipton's kwa siku moja, kisha kilele usiku uleule. Siku moja zaidi ya kupumzika Shipton's ina thamani kuliko jaketi lolote la bei.

Jua likitoka, geukeni pia magharibi: kivuli cha mlima hulala juu ya mawingu, na vilele vya Batian na Nelion huwaka rangi ya chungwa kwa dakika chache. Hewa ikiwa safi, Kilimanjaro inaonekana kusini. Dakika ishirini zinatosha. Wakati wa kushuka achianeni nafasi, msipangane mstari mmoja kwenye kokoto, na anayeangusha jiwe apige kelele mara moja, "Jiwe!"